Kalamu ya Dada

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Jumanne inayokuja ni dripu ya pili ya dawa ya saratani, na Dada ameanza kichefuchefu leo. Amenusa sabuni ya mikono tu, inafanana na ile ya hospitalini, mbio chooni. Sabuni nimeitupa.

Usiku, mtoto wake ameshalala, akaniambia: "Mdogo wangu, safari hii sizirudii zile siku nne za kutapika. Nataka kujaribu bangi." Kwa sauti ileile anayoniagizia vitunguu. Nikacheka. Yeye hakucheka. "Si ya kusokota, nyumba itanuka. Ile ya kalamu. Mwenzangu mmoja tunayekaa naye kwenye viti vya dripu anayo."

Mtu wa miaka 52, hata shisha hajawahi kuonja. Nikamuuliza, na dini je? "Hilo nimeshalizungumza na Mwenyewe." Basi. Mjadala umefungwa.

Kwake yeye duka la bangi ni duka kama duka lingine. Massachusetts walipiga kura 2016 kuiruhusu, mambo yakaisha, na Dada ana pasipoti ya Marekani. Mimi nina kadi ya kijani na fomu ya uraia iliyolala kwa serikali kuu, ambayo kura hiyo haiitambui. Wakili alinikariria kama sura ya madrasa: usivute, usibebe, usifanye kazi huko, usiweke hata picha yake kwenye simu.

Kwa hiyo naandika hapa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Zamu ya usiku ilikuwa kimya. Nimesoma mpaka macho yamewasha.

Kumbe ziko aina mbili. Ile ya kichupa cha mafuta unachokizungushia kwenye betri uliyoinunua mbali, na ile iliyokamilika yenyewe, ikiisha unaachana nayo. Dada anataka ya pili. Hana nguvu za kuzungusha chochote. Hizi nyingi hazina hata kitufe: ukivuta, inajiwasha.

Kilichonitisha ni asilimia. Mafuta yaliyokenekwa, THC 80, 85, wengine wanajisifia 90. Kwa mtu ambaye hajawahi! Ziko zenye CBD ndani, nusu kwa nusu au karibu yake, na watu wanasema hizo hazikurupushi moyo sana. Yako mafuta yaliyokamuliwa mmea ukiwa bado mbichi, umegandishwa, harufu yake ya asili imebaki. Ghali. Na yako yaliyotiwa ladha za maembe na peremende. Mafuta ya ladha tunakula, hatuyatii kifuani. Hayo nimeyafuta.

Nimemwandikia karatasi. Nusu gramu, si gramu nzima: kama haimpendezi, tupoteze kidogo. CBD iwemo. Kwenye viungo isomeke mafuta ya bangi na harufu ya bangi yenyewe, basi. Tarehe ya kupimwa maabara iwe ya karibuni. Kijana wa kaunta akikwambia "hii ndiyo kali kuliko zote", mshukuru, chukua nyingine.

Nikaitazama karatasi yenyewe. Mwandiko wangu. Nikamsomea, akaandika yeye, kisha nikaichana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeegesha ng'ambo ya barabara. Nilitaka kuegesha mtaa wa pili, Dada akasema hawezi kutembea mtaa mzima kwa ajili ya woga wangu. Kweli. Akavaa kilemba chake cha samawati, kichwa kimeshatoka nywele zote, akaenda. Mlangoni mlinzi akaomba leseni. Miaka 52 na kilemba, bado wanataka kujua kama amefika 21.

Dakika 20. Nimesikiliza redio bila kuisikia. Mabibi wawili wakatoka wakibishana, huenda ni wa umri wa Mama. Mzee mmoja wa Kikambodia na mkongojo. Nilitarajia nini? Vijana wa Majengo kwetu Mombasa?

Akarudi na mfuko wa karatasi uliobanwa. "Wana adabu kuliko benki." Risiti akaniwekea machoni, sikuishika: dola 30, juu yake ushuru wa bangi wa jimbo asilimia 10.75, kodi ya mauzo 6.25, na mji nao wakachukua 3 zao. Jumla 36. Nikamwambia, ukichukua kadi ya mgonjwa kodi hizo zote hulipi. "Sitaki jina langu kwenye daftari jingine la wagonjwa. Yaliyopo yanatosha."

Mfuko akauweka kwenye buti mwenyewe. Nimeendesha maili 25 kwa saa mpaka nyumbani, nikapigiwa honi na basi la shule lisilo na mtoto.

Jumanne, 8 Oktoba

Dripu ya pili. Saa nne kwenye kiti.

Dada akamwambia muuguzi waziwazi. Mimi nikatazama dirishani. Muuguzi hakushtuka, akauliza maswali yake kama ya dawa yoyote: ya namna gani, kiasi gani, mara ngapi. Kisha akasema mawili yaliyonibakia. Moja, chembe nyeupe zikishuka, chochote kinachoingia kifuani kwa moto au mvuke wao hawakipendi. Pili, asichanganye na kile kidonge cha usingizi, vyote viwili vinalegeza.

Halafu akaongeza, kama jambo dogo: ipo ya kumeza. Kidonge chenye THC iliyotengenezwa maabara, kimekubaliwa na serikali tangu 1985, kwa ajili ya kichefuchefu cha dawa hizihizi. Daktari anaandika, duka la kawaida la dawa linatoa.

1985! Nilikuwa sijazaliwa. Kwa hiyo kitu kilekile kikitoka kwa mfamasia ni dawa hata kwangu, kikitoka ng'ambo ya barabara ni tiketi ya kunirudisha Mombasa. Nimekaa na hilo njia nzima ya kurudi.

Daktari ataandika. Bima lazima iridhie kwanza. Na bima tunaijua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ameivuta.

Saa kumi na moja jioni, ngazi za nyuma, amejifunika shali mbili. Mimi nimesimama ndani, mlango wazi. Nilimwambia yote niliyosoma: vuta kidogo, sekunde mbili tu, usiibane pumzi, kubana hakuongezi kitu ila kikohozi. Kisha ngoja robo saa. Ya kuvuta hujijulisha kwa dakika, si kama biskuti zao zinazokuchelewesha saa nzima, mbili, ukadhani hazifanyi kazi, ukala nyingine.

Alikohoa mpaka machozi. "Hii watu wanaipendea nini?"

Robo saa. Hakuna. Akavuta ya pili, fupi. Tukangoja. Kindi akapita juu ya uzio na chestnati kubwa kuliko kichwa chake, Dada akamtazama muda mrefu, akasema, "Huyu naye ana mkopo wa nyumba." Akacheka. Akacheka tena. Sijasikia kicheko hicho tangu Julai.

Kisha akasema ana hamu ya viazi vya karai. Nikavipika mikono ikitetemeka, nikatia unga mwingi mno, vikawa kama maandazi. Amekula vitano, na ukwaju. Havikurudi. Saa tatu usiku bado havijarudi.

Nimefurahi hata sijui niandike nini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Baridi imeingia. Kalamu ililala barazani, mtoto asiione, na asubuhi imeziba. Anavuta, taa inapepesa, hakitoki kitu. Mafuta haya mazito, yakipoa yanaganda kwenye tundu. Tena ilikuwa imelazwa ubavu, inatakiwa isimame.

Lakini hilo ni la pili. La kwanza ni boksi. Lile boksi limetengenezwa mtoto asiweze kulifungua: ubinye pande mbili kwa pamoja, kwa ncha za vidole, huku unavuta. Vidole vya Dada vimekufa ganzi. Ni dawa. Vifungo vya blauzi namfungia mimi tangu wiki iliyopita. Alhamisi boksi lilikuwa wazi tangu dukani, jana kalifunga, leo halifunguki. Akajaribu kwa meno. Akajaribu kwa kisu cha siagi. Uso umeshageuka rangi, kichefuchefu kinapanda, na ananitazama bila kuniomba.

Nikalifungua.

Sekunde moja. Kak. Kisha nikaitia kalamu kiganjani, nikaikumbatia kwa mikono miwili dakika tano mpaka ikapata joto, nikampa. Nyepesi, nyepesi mno. Alama nyekundu ya mkono pembeni, kwamba si ya watoto. Na maneno madogo kwamba imepimwa uchafu, hata ile asetati ya vitamini E haimo.

Alivuta, akatulia. Akanishika mkono kwa vidole vyake visivyohisi. Hatukusema kitu.

Fomu yangu inauliza kama nimewahi kumsaidia mtu kutenda kosa, hata kama sikukamatwa. Boksi la kadibodi. Hilo nalo?

Jumatatu, 14 Oktoba

Usiku mbaya.

Alingoja nimelala. Kichefuchefu kikamwamsha saa nane, akavuta mbili, hakuona kitu, akavuta mbili nyingine papo hapo, labda na ya tano. Nimeamka anaita jina la marehemu baba. Ameketi sakafuni, mkono kifuani, anasema moyo unatoka, anasema anakufa na mtoto yuko chumba cha pili.

Nikahesabu mapigo: 118. Midomo rangi yake. Anapumua vizuri, anazungumza vizuri. Nikamwambia, Dada, hii ni ile kalamu, imezidi, itashuka yenyewe. Maji. Taa ndogo. Nikamsomea Ya-Sin, nilipokwama akaendeleza yeye, na hapo nikajua atapona. Saa tisa na nusu akawa anaona aibu. Saa kumi amelala.

Sheria mpya, kaiandika yeye mwenyewe kwenye jokofu, kwa fumbo: MBILI. NGOJA. Mtoto anauliza ngoja nini.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama kapiga simu ya video. Leo Mashujaa kwao, mtaa mzima umelala. Akamtazama Dada, akamtazama tena. "Umeng'aa. Wanakupa nini?"

"Dawa mpya, Mama."

"Ya kunywa au ya kuchoma?"

Dada akanitazama. "Ya kuvuta."

"Kama ya pumu?"

"Kama ya pumu."

Mama akamshukuru Mungu kwa madaktari wa Marekani. Mimi nikajifanya natafuta chaja. Mtoto wa jirani yetu alifikishwa kortini Shanzu kwa misokoto ya mfukoni, mama yake akauza cherehani kulipa wakili. Mama yetu ndiye aliyemtafutia mnunuzi wa cherehani. Sasa mwambie.

Jumatano, 23 Oktoba

Kijana tunayefanya naye kazi, mtu mwema, kasikia dada yangu mgonjwa. Akanivuta kando ya lifti: anazo kalamu za dola 15, gramu nzima, hazina kodi. Akaonyesha. Boksi lina katuni, rangi za pipi, ladha ya keki. Nikatafuta jina la aliyetengeneza. Hakuna. Maabara hakuna. Tarehe hakuna. Boksi tupu kama hili unaagiza kwenye intaneti kwa mamia, ukatia utakacho.

Nikamwambia hapana, tena sikumwambia kwa upole.

Vuli ya 2019 nilikuwa mgeni kazini hospitalini. Vijana waliletwa wazima kwa macho, vifua vimejaa. Mmoja wa miaka 20 alikuwa anavuta hewa ya mashine na bado anazama. Septemba ile gavana Baker akapiga marufuku kalamu zote, za bangi na za nikotini, jimbo zima. Mpaka Februari 2020 nchi nzima wamelazwa 2,807, wamekufa 68. Waliposafisha mapafu ya wagonjwa wakaikuta asetati ya vitamini E, mafuta ya kuzidishia mafuta. Kwenye ngozi hayana neno, ukila hayana neno. Kifuani ndiko yanakoua. Na kalamu nyingi zilitoka kwa marafiki, kando ya lifti.

Ndiyo maana yale maneno madogo ya lebo ya Dada niliyasoma mara tatu. Dola 36? Hata 60 angelipa. Ningemlipia, kama ningethubutu.

Jumanne, 29 Oktoba

Dripu ya tatu. Na bima imeridhia! Jana jioni, bila salamu, ujumbe wa duka la dawa: tayari.

Nimeenda mimi kuvichukua. Kwa jina lake, kwa saini yangu, mchana kweupe, mfamasia akanitakia siku njema. Vidonge vidogo mviringo. Ndani THC imeyeyushwa kwenye mafuta ya simsim. Simsim! Dada akakitazama kwenye mwanga akasema kumbe Wazungu nao wanajua kutengeneza halua.

Hukaa kwenye friji, nyuma ya maziwa, kopo limefungwa. Anameza kabla ya dripu, halafu kwa saa alizopangiwa. Hiki kinapanda polepole, kinakaa. Lakini kichefuchefu kikiwahi, kidonge kinarudi kabla hakijayeyuka, na hapo kalamu haina mbadala. Vyote viwili basi, si kwa pamoja. Muuguzi ameandika kila kitu.

Kalamu yenyewe inakaribia mwisho. Mafuta yamekuwa rangi ya asali ya zamani, ladha anasema ya kuungua. Ikionja kuungua, iache. Na haitupwi kwenye taka: ndani mna betri ya lithiamu, ikibanwa na lori la taka inawaka. Kitu cha wiki tatu, betri inayoweza kuchajiwa, wanaiita ya kutupa, na pa kuitupa hakuna. Lile duka wana pipa la kuzirudishia. Maana yake safari nyingine. Na nyingine mpya.

Ijumaa, 1 Novemba

Barua imefika. Mahojiano Lawrence, mwezi ujao. Nimekaa nayo garini.

Nimempigia wakili. Nimemwambia yote, boksi, kiganja, dakika tano. Akanyamaza. Akaniuliza kama nimewahi kuvuta. Hapana. Kununua? Hapana. Akasema tangu Aprili 2019 wanaohoji wana mwongozo: jimbo likiruhusu, kwao haibadilishi, tabia njema inapimwa kwa sheria ya shirikisho. Akasema ukiulizwa, hutadanganya, kudanganya chini ya kiapo ni kubaya kuliko boksi. Kwa hiyo usijiongezee ya kusema. "Don't open it again." Kwa sauti ya mtu anayenipenda, na anayelipwa kwa saa.

Nikamwuliza, na akiwa anatapika, vidole havifanyi kazi, hakuna mwingine nyumbani?

Akasema swali hilo si la kisheria.

Nimejizoeza maswali ya uraia. Mia moja, wanauliza kumi, sita yatosha. Sheria kuu ya nchi ni ipi? Katiba. Utawala wa sheria ni nini? Kila mtu lazima aifuate sheria. Naijua hiyo vizuri mno.

Jumatatu, 4 Novemba

Sikumwambia. Lakini Dada ananisoma tangu nina miaka minne.

Mpwa mkubwa kaja kutoka Amherst Jumamosi, ana 22, kazaliwa hapa. Wakatoka yeye na Dada, wakarudi na mfuko. Ya zamani wameirudisha, mpya ni ileile, nusu gramu, tarehe wameiangalia. Kumbe wameshapanga: binti atakuwa akija kila Ijumaa ya wiki ya dripu, na siku nyingine Dada hahitaji mtu. Boksi la dukani wamelitupa. Kalamu imehamia ndani ya kijaluba cha Bibi, kile cha fedha cha tambuu, na kijaluba ndani ya kisanduku cha chuma chenye ufunguo mkubwa. Ufunguo anauzungusha kwa kiganja kizima, ganzi au si ganzi, na unakaa shingoni mwake, mtoto haufikii.

"Wewe chumba changu usiingie na mikono yako," akaniambia. "Nataka uapishwe nikiwa na nywele."

Nimefarijika. Kisha nimekasirika kwamba nimefarijika. Mtu anatapika, na furaha yangu ni kwamba kufuli si yangu. Nimepika wali wa nazi na mchicha, nimeosha vyombo kwa kelele, hasira ikaisha kidogo. Haijaisha yote. Ikae hapa.

Viazi vya karai, unga kidogo safari hii. Tangawizi imekwisha, ninunue. Maswali 40 mpaka 60.

Kesho uchaguzi. Nimemsihi apige kura kwa posta, kuna watu, kuna mafua, chembe nyeupe ziko chini. Hataki, atavaa barakoa mbili. Mimi dereva. Amekaa hapa mezani na karatasi ya mfano, anaisoma kwa miwani ya binti yake. Mwaka 2016 bangi ilikuwa swali la nne, na safari hii swali la nne ni uyoga wa kulevya, waruhusu au wasiruhusu.

Nimemuuliza atachagua nini.

"Hapana," kasema, bila kuinua macho. "Watu wa nchi hii ukiwaruhusu kila kitu hawatafanya kazi."